Okapi Baina ya Witiri na Shufwa

Jina la okapi ni maarufu mjini Kisangani na Kongo nzima, hata redio iliyoanzishwa mwaka 2002 ikapewa jina hilo. Hata hivyo, wataalamu wa elimuviumbe waliwahi kumweka mnyama huyu katika oda isiyo yake, na kisa chenyewe chafaa kuelezwa, kwani swali lilikuwa ni nani aaminiwe.

Mwaka 1900 Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uingereza katika Uganda, aliingia msitu wa Ituri akiwarudisha kwao Wambuti waliotekwa na Mzungu mmoja aliyetaka kuwaonyesha watu mjini Paris. Aliwauliza juu ya yule “punda” wa msituni aliyetajwa na H. M. Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1890. Wambuti walimjua vema, wakamwonyesha nyayo zake. Zilikuwa za kwato zilizopasuka. Johnston, ambaye alikwisha kuamini kwamba anamtafuta farasi, alidhani ni nyayo za pofu, akaziacha.

Mamalia wenye kwato hugawanywa katika oda mbili kuu kwa hesabu ya vidole. Wa witiri ni farasi, punda milia na kifaru; wa shufwa ni ng'ombe, swala, nguruwe na twiga. (Siku hizi uchunguzi wa DNA umemwingiza hata nyangumi katika shufwa, naye hana ukwato hata mmoja!) Jibu, basi, lilikuwa limeandikwa matopeni.

Johnston alipeleka London vipande vya ngozi yenye milia ambavyo askari wa Kongo walikuwa wamevifanya mikanda. Kwa vipande hivyo tu, P. L. Sclater alimwita mnyama Equus johnstoni mwaka 1901, yaani jamaa ya farasi. Mwaka uo huo Karl Eriksson, ofisa Mswidi katika utumishi wa Dola Huru ya Kongo, alimpatia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Chonge la chini lilikuwa na panda mbili, alama ya ukoo wa twiga. E. Ray Lankester akaunda jenasi mpya, Okapia, na mnyama akahamia shufwa. Jina okapi lilitoka vinywani mwa watu wa msituni. Johnstoni likabaki kuwa la yule aliyezikataa nyayo.

Mwaka 2007 watafiti waliona kima mgeni kwao akifugwa nyumbani kwa mtu huko Opala, katika Tshopo ya leo. Waliwauliza wenyeji, wakaambiwa ni lesula. Alipotangazwa kitaalamu mwaka 2012, aliitwa Cercopithecus lomamiensis, kwa jina la mto Lomami.