Chungu cha Maharage, Napoli na Ndama

Mtu wa Ndama, hapa Karagwe mkoani Kagera, akikaribishwa chakula cha mchana katika nyumba ya kawaida huko Napoli, kusini mwa Italia, huenda akaletewa sahani asiyoiona ngeni hata kidogo. Wenyewe wanaiita pasta e fagioli, yaani tambi na maharage. Maharage hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa kwa moto mdogo hadi yalainike. Kitunguu saumu hukaangwa kwa mafuta ya zeituni, nyanya zikafuata, na vyote vikarudishwa kwenye chungu cha maharage. Mwisho humwagwa tambi fupi, au mabaki ya tambi za kila aina yaliyosalia kabatini, ziive humohumo mpaka mchuzi uwe mzito. Kilikuwa chakula cha familia ambazo ziliiona nyama kwa nadra.

Weka ndizi mahali pa tambi, nawe umepata katogo. Ebihimba, yaani maharage, vinatangulia jikoni kwa sababu vinachelewa kuiva. Ebitoke, yaani ndizi, vikishamenywa vinapangwa juu yake pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi, halafu chungu kinafunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoroke. Hapa Karagwe tunakiita chakula cha asili, na Mnapoli naye anasema vivyo hivyo juu ya chake.

Lakini maharage ni wageni kwetu sote. Yalilimwa kwanza Amerika, na nyanya pia, na hayakuvuka bahari ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kabla ya hapo Warumi wa kale walipika kunde, na kunde asili yake ni bara letu la Afrika. Nyanya zilikawia zaidi kukubalika: mapishi ya mchuzi wa nyanya yalichapishwa Italia katika kitabu cha Antonio Latini, kilichotoka Napoli kati ya 1692 na 1694.

Tambi nazo zina safari yake. Wengi huamini kwamba Marco Polo alizileta kutoka China aliporejea Venice mwaka 1295. Si kweli. Mwaka 1154, karne nzima kabla yake, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika kwamba huko Trabia, kisiwani Sicily, zilitengenezwa tambi nyingi na kusafirishwa kwa meli hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Alizitaja kwa jina la Kiarabu, itriya. Sisi jina letu tunalitumia pia kwa kile kinachowaka ndani ya kibatari: utambi mmoja, tambi nyingi.

Ndizi ndiyo mkongwe wa kwetu. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini imekaa katika nyanda za Maziwa Makuu muda mrefu kiasi cha kuzaa aina zisizopatikana kwingine kokote duniani.

Tofauti kubwa kati ya vyungu hivi viwili ni kwamba kimoja kinatoka nchi ambayo mapishi yake ya nyumbani yaliandikwa. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi, mfanyabiashara mstaafu, alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu cha mapishi ya nyumbani. Akina mama wa Italia walimwandikia barua, wakamrekebisha na kumwongezea, hadi kitabu kikafikia mapishi 790 kabla hajafariki mwaka 1911.

Karagwe ilipata mwandishi wake wa kigeni mapema zaidi. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika mwezi Novemba 1861. Aliandika habari za ikulu: maziwa, pombe ya ndizi, na wake wa wakuu walionenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Mmoja wa wanawake hao alimpima kwa futi, mkono kwa kifua. Jiko la mkulima, lililolisha nchi nzima, halikumvutia. Naliona hilo kuwa pengo kubwa katika historia yetu, na hatuwezi kumlaumu Speke milele kwa kazi ambayo ni yetu.

Muda hautusubiri. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa katika migomba ya mkoa wa Kagera, na migomba ikishaambukizwa mkulima hulazimika kuiondoa katika kibanja alichorithi. Mgomba ukiondoka, jina lake huondoka pamoja na bibi aliyelijua. Enshakala, enyoya, entobe: kila ndizi kati ya hizi ina ladha yake na muda wake wa kuiva juu ya maharage, na maarifa hayo yamo hasa vichwani mwa wanawake wazee.

Basi, msomaji, wiki hii nunua daftari. Kaa karibu na mafiga bibi akipika, muulize jina la kila ndizi anayoimenya, na uandike.