Bunduki za Moroto

Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walipoiteka Kampala, askari wa Idi Amin waliokuwa kambini Moroto, kaskazini mashariki mwa nchi, walitimua mbio. Ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Wamatheniko, wafugaji wa jamii ya Wakaramojong wanaoishi jirani na kambi ile, wakaingia na kubeba bunduki kwa maelfu.

Wengi husimulia habari za Karamoja, eneo hilo la kaskazini mashariki, kana kwamba bunduki zilianza siku hiyo. Hapana. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe za ndovu, Waswahili kutoka pwani na Wahabeshi kutoka kaskazini, walikuwa wakizileta huko, hadi Waingereza walipoanza kuzinyang'anya. Miaka ya 1970 Waturkana wa Kenya walipovamia wakiwa na silaha za moto, Wakaramojong wengi walikuwa na mikuki tu. Baadhi wakajitengenezea magobole kwa mabomba ya chuma. Kwa hiyo waliovunja ghala la Moroto walikuwa wamekwisha kuonja kuvamiwa mikono mitupu.

Ila woga wao haukuishia kwao. Wamatheniko walipopata bunduki, waliokosa usingizi sasa ni majirani: Wabokora, Wapian, Wajie. Mwaka 1980 ukame na uvamizi vilikutana, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi mno, watoto wachanga hasa. Aliyeporwa mifugo alikuwa ameporwa maziwa, mahari na heshima kwa pamoja. Basi watu wakatoa ng'ombe wapate bunduki ya kuwalinda ng'ombe waliobaki. Nani awalaumu? Polisi walikuwa wachache na mbali, na jeshi lilikumbukwa zaidi kwa ukatili wake.

Desemba 2001 serikali ya Rais Museveni ilianza kukusanya silaha kwa hiari, ikiahidi plau na mabati kwa kila atakayesalimisha. Ilikadiria kwamba Karamoja ina bunduki zipatazo 40,000; zilizopatikana ni kama 10,000. Kwa hesabu ya karatasini, huo ni mwanzo mzuri. Kwa mfugaji, ilikuwa na maana kwamba kwa kila bunduki iliyotolewa, tatu bado zimo vijijini, na hajui ni kwa nani.

Wabokora walitoa nyingi kuliko wenzao. Waliahidiwa kwamba jeshi litawalinda. Machi 2002 jeshi likaanza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa Joseph Kony, na askari wakaondolewa Karamoja kwenda kupigana nao. Wajie na Wamatheniko hawakukawia: mazizi ya Wabokora yakafagiliwa. Wanawake na watoto wa Kibokora wakaonekana wakiombaomba katika mitaa ya Kampala, na wanaume waliobaki wakaanza kutafuta bunduki upya.

Hapa ndipo naona kosa lilipokuwa. Serikali ilihesabu silaha, haikuhesabu hofu. Kumwondolea mtu bunduki huku jirani yake akibaki nayo ni kumtoa kafara, hata kama nia ni njema. Na aliyesalitiwa mara moja hatasalimisha mara ya pili kwa ahadi ya mabati.

Ndiyo maana mwaka 2006 hiari iliachwa. Askari walizingira vijiji usiku na kusaka nyumba kwa nyumba. Watetezi wa haki za binadamu waliandika juu ya vipigo na mauaji. Ni kweli kwamba baadaye uvamizi ulipungua sana, watu wakarudi kulima. Lakini ng'ambo ya mpaka Waturkana na Wapokot wa Kenya walibaki na bunduki zao, na kuanzia 2019 hivi wizi wa mifugo ukarudi kwa nguvu. Julai 2021 jeshi lilianzisha operesheni nyingine, ikapewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Mei 2023 Museveni akawapa Waturkana wanaochunga Uganda miezi sita waache kuingia na silaha, la sivyo wafukuzwe wasirudi tena.