Kutoka Kufuli za Maduka hadi Swichi za Boda Boda

Nilipoanza kuchonga funguo Nakuru, riziki yangu ilitoka kwenye kufuli za maduka na makabati ya ofisi. Boda boda zilikuwa baiskeli, na baiskeli haina swichi. Mambo yaligeuka 2008, serikali ilipoondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250. Boxer na TVS kutoka India zikaenea Njoro, Bahati na Gilgil, na funguo zikaanza kupotea mashambani.

Mwenye ufunguo wa akiba hanipi taabu. Mashine huunakili kwa dakika chache. Aliyebaki mikono mitupu namwomba kwanza hati za pikipiki, maana wezi nao huja. Kisha naingiza ufunguo mbichi kwenye swichi, nautikisa, nautoa. Vibati vya ndani huacha alama ndogo juu ya shaba. Hapo ndipo ninaposaga kwa tupa, kidogo kidogo, hadi swichi izunguke. Halafu naujaribu kwenye tangi, kwa kuwa kwa kawaida ufunguo ni mmoja. Wanaotangulia kwa bisibisi huishia kununua swichi nzima.