Waridi la Kenya na hesabu ya mazingira

Mwaka 2007 maduka makubwa ya Tesco na Marks & Spencer nchini Uingereza yalianza kubandika alama ya ndege kwenye vyakula vilivyoletwa kwa njia ya anga, ili mnunuzi atambue uchafuzi unaotokana na safari hiyo. Nchini Kenya, ambako mboga na maua ya kuuzwa Ulaya husafirishwa kwa ndege, alama hiyo ilizua hofu ya kupoteza soko.

Je, umbali peke yake ni kipimo cha haki? Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza kililinganisha maua ya waridi 12,000 kutoka Kenya na idadi hiyohiyo kutoka Uholanzi, yote yakiuzwa Uingereza. Maua ya Kenya yalihusishwa na takribani tani 6 za hewa ukaa, ya Uholanzi tani 35. Uholanzi hupasha joto na kumulika vitalu nyumba kwa nishati nyingi, ilhali Naivasha kazi hiyo hufanywa na jua la ikweta.

Njia iliyotumika huitwa tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. Hujumlisha nishati, malighafi, utoaji wa gesi na taka tangu chanzo cha bidhaa hadi mwisho wake, au hadi pale mtathmini anapoamua kusimama. Hapo ndipo mabishano mengi huanzia. Utafiti wa Cranfield uliagizwa na kampuni ya kuuza maua, jambo lisilobatilisha matokeo, lakini msomaji hana budi kulijua. Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044, vya mwaka 2006, vinataka ulinganisho wa aina hiyo unaotangazwa kwa umma uhakikiwe kwanza na jopo la wataalamu.

Kwa mwenye shamba, faida kubwa ya tathmini ni kumwonyesha pa kuanzia. Sehemu kubwa ya zile tani 6 ilitokana na ndege. Kubadilisha karatasi ya kufungia maua kungepunguza kidogo mno. Ndiyo maana baadhi ya wasafirishaji wamegeukia meli kutoka Mombasa, ingawa safari huchukua wiki kadhaa na hudai ubaridi usiokatika.

Hata hivyo, hewa ukaa haisemi lolote kuhusu maji ya Ziwa Naivasha wala viuatilifu vinavyoweza kutiririkia humo. Kampuni inayochagua kipimo kimoja tu, kile kinachoipendeza, imefanya matangazo, si tathmini.

Takwimu za umeme nazo huamua mengi. Kenya huzalisha umeme wake mwingi kwa jotoardhi, maji na upepo. Mtathmini akitumia wastani wa nchi zinazochoma makaa ya mawe, ua la Naivasha litatwishwa moshi usio wake.