Walimu wa Barabara ya Lindi: Historia ya Sala za Pamoja Bafwasende

Mji wa Bafwasende uko kando ya mto Lindi, karibu kilomita 260 kutoka Kisangani, katika barabara ipasuayo msitu kuelekea Nia-Nia na Ituri, na kabila lijulikanalo zaidi katika eneo hilo ni Wabali. Historia ya Ukristo wa huko imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mapadre na wamisionari wa Kizungu, ilhali aliyewakusanya watu kwa sala alfajiri na jioni, mwezi baada ya mwezi, alikuwa mwenyeji aliyeitwa mwalimu, yaani katekista au mwinjilisti wa kijiji.

Lugha ilitangulia dini. Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, kwenye maporomoko ya Kisangani, mwaka 1887, pamoja na Wangwana wake, yaani watu wa pwani na wafuasi waliojiunga nao bara, waliacha Kiswahili kiitwacho Kingwana, na ndicho wamisionari walichokikuta tayari kwa mahubiri. Biashara ya watumwa na pembe ikawa hivyo, bila kukusudia, imeitengenezea Injili njia. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko hayo, na mwaka 1908 akawa askofu. Mkataba wa 1906 kati ya Vatikani na dola ya Mfalme Leopold uliwapa Wakatoliki ardhi kwa kila kituo, nao wakatakiwa kufungua shule, wakati Waprotestanti walisubiri msaada wa serikali kwa shule zao hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Upande wao, Waprotestanti hao walimfuata C. T. Studd, Mwingereza aliyeingia Kongo mwaka 1913 na kufia Ibambi mwaka 1931. Mwaka huohuo kundi lililojitenga na misheni yake liliunda shirika jingine, ambalo kituo chake cha Boyulu kilihudumia vijiji vya Bafwasende.

Kituo cha misheni kilikuwa kimoja, vijiji vilikuwa vingi, na padri au mmisionari aliweza kukipitia kijiji mara chache tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo kila kijiji kilipewa kapela-shule, yaani kibanda kimoja cha miti na majani kilichotumika asubuhi kwa sala na baadaye kwa kusoma. Mwalimu alipiga ngoma, akaongoza nyimbo, akafundisha katekisimu kwa kukaririsha, akawaombea wagonjwa, akapatanisha waliogombana, na kwa yote hayo malipo yake yalikuwa madogo, mara nyingi yakijaliziwa na shamba lake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilipowahamishia watu kando ya barabara, wapate kusimamiwa na kutumikishwa kwa urahisi, kazi ya mwalimu ilipata wasikilizaji wa karibu zaidi. Lakini alikuwa na mshindani mkubwa, nayo ni mambela, jando la Wabali ambamo vijana walitengwa msituni na kufundishwa mila chini ya kiapo cha siri. Wamisionari walililaani, na serikali ililitazama kwa hofu kwa kulihusisha na anyoto, watu wa chui, yaani wauaji wa siri waliojifanya chui, ambao baadhi yao walinyongwa baada ya kesi za mauaji. Si ajabu kwamba kijiji kilichopigwa marufuku kukutana usiku msituni kilijifunza kukutana alfajiri kapelani.

Mwaka 1953 uamsho, yaani mkutano wa sala ambamo watu hulia, hutetemeka na kuungama dhambi hadharani, ulienea kutoka upande wa Lubutu hadi Ibambi, ukifanana na ule wa Walokole wa Rwanda na Uganda. Katika mikutano hiyo mmisionari alipiga magoti safu moja na waumini wake, jambo ambalo utaratibu wa kikoloni haukulizoea.

Kisha ukaja mwaka 1964. Waasi wa Simba, waliopigana na serikali ya Kongo, waliiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, mwezi Agosti, na askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua huko tarehe 24 Novemba, hasira ya waasi iliwageukia wageni walioshikwa katika miji ya ndani. Bafwasende waliuawa wamisionari, wakiwemo watu wa Boyulu. Huko Wamba aliuawa Askofu Joseph Wittebols. Na Isiro, tarehe 1 Desemba, aliuawa Anuarite Nengapeta, mtawa mwenyeji wa shirika la Jamaa Takatifu, ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1985. Vituo vilibaki bila padri wala daktari, na sala ikabaki mikononi mwa walimu, ambao tangu mwanzo ndio waliokuwa wakiiongoza.

Maaskofu wa Kongo walikuwa wameamua mapema, mwaka 1961, kwamba msingi wa parokia uwe jumuiya ndogo za waumini, na baada ya uasi wa Simba uamuzi huo uliendana na hali iliyokuwapo tayari vijijini. Sheria ya mwishoni mwa 1971 iliwalazimu Waprotestanti kukaa chini ya mwavuli mmoja, shule zikataifishwa mwaka 1974 na kurudishwa kwa makanisa mwaka 1977. Wakati wa vita vilivyoanza 1998 Bafwasende ikawa ngome ya kundi la waasi la RCD-N la Roger Lumbala, lililotafuta dhahabu na almasi, huku vikundi vya maombi vikiendelea kukutana.