Kamalondo: mujane, «femme libre» na kodi ya wanawake peke yao

KAMALONDO, LUBUMBASHI – Wazungu waliacha katika muji huu jina moja ambalo wazee wangali wanalikumbuka: femme libre. Kwa Kifaransa ni mwanamuke aliye huru. Ndani ya malupango lilimaanisha malaya. Ili kujua namna gani uhuru uligeuka tukano, ni lazima kufuata historia ya mujane.

Elisabethville ilianzishwa 1910. Wazungu walikaa upande wao, watu weusi katika cité, ile ambayo baadaye iliitwa Albert na leo Kamalondo. Katikati yao waliacha eneo tupu. Ndani ya cité walikutana Baluba wa Katanga, Baluba wa Kasai, Babemba, Balamba, Basanga na wengine, kila mutu na desturi za kwao, na malupango yanagusana.

Desturi hizo hazikupatana juu ya lililo baya. Kwa Baluba wa Kasai, mwanamuke wa ndoa akienda na mwanaume mwingine na kuficha, tshibawu inaweza kuleta kifo ndani ya nyumba, mupaka aseme wazi na kusafishwa. Bwana yake akifanya vilevile, tshibawu haimufuate. Kwa Babemba na Balamba, mutoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamuke aliyeachana na bwana anarudia ndugu zake, watoto wakiwa wa kwao.

Lakini juu ya mujane wengi walipatana: aibu ni kumuacha peke yake. Ndugu ya marehemu, ao mutu mwingine wa jamaa, alimupyana. Haikuwa kila mara kwa mapenzi ya mujane mwenyewe, hilo nalo lisifichwe. Wanawake wengine walikimbilia muji ili wasipyanwe.

Wamisionari waliona kinyume. Kwao, kupyana mujane wakati uko na bibi mwingine nyumbani ilikuwa uzinzi. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mupya za bibi wengi kuanzia 1951. Na katika makambi ya Union Minière nyumba ilifuata kazi ya bwana: bwana akikufa, nyumba nayo ilikwenda.

Basi mujane aende wapi? Akipyanwa, ni zambi. Akikaa peke yake, serikali ilikuwa na jina lake tayari: mwanamuke anayeishi peke yake «kwa nadharia». Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji na ya Ruanda-Urundi, jina hilo lilikuja na kodi. Dharau yote iko katika yale maneno «kwa nadharia»: maana yake, usiku hauko peke yako. Na franga za wanawake hao ziliingia katika sanduku la serikali ile ile iliyowaita waovu.

Huko Buyenzi, mutaa wa Waswahili Waislamu wa Usumbura, leo Bujumbura, wanawake walisimama kupinga katika miaka ya 1950. Kati yao kulikuwa wajane, na mabibi wa pili ambao kwa dini yao ni wake halali. Karani aliwaandika wote katika daftari moja na malaya. Franga ziliuma, lakini jina liliuma zaidi.

Ukoloni ulikwisha 1960, jina likabaki. Hata sheria ya jamaa ya 1987 ilikuwa na mizani miwili: bibi aliazibiwa kwa uzinzi wenyewe, bwana tu kama uzinzi wake ulikuwa tusi kubwa kwa bibi. Wazee wa tshibawu hawangeshangaa.

Leo mama anayekimbia vita ya Mitwaba ao Pweto anafika na watoto, anatafuta chumba. Mwenye lupango, mbele ya kutaja bei, anauliza: «Bwana yako iko wapi?»