Kibanda cha Scotland na Barabara ya 13

Mwaka 1874, huko Wemyss Bay nchini Scotland, wanaume wawili kutoka Afrika Mashariki walijenga kibanda katika bustani ya tajiri James Young. Walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Kibanda kilikuwa mfano wa kile ambamo kiongozi wa msafara wao, David Livingstone, alifariki tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenyeji wao walikiona kama ukumbusho wa rafiki yao marehemu, na ni haki yao. Lakini Chuma alikuwa mtoto alipokombolewa mwaka 1861 kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, upande wa Ziwa Nyasa. Kwa mtu kama yeye, kibanda kile kilikuwa na historia ndefu kuliko ya Mskochi aliyefia ndani yake. Ndiyo nyumba ambayo msafara ulijijengea jioni baada ya jioni na kuiacha alfajiri.

Njia ya misafara ya watumwa na pembe kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji iliwapokonya watu wengi makao yao, na kila kizazi kilibuni namna ya kuwahifadhi waliokosa pa kukaa. Historia ya ubunifu huo imeandikwa kwa upogo. Nyumba za wenye mali na wageni zimekarabatiwa. Za waliotembea kwa miguu zimeoza.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya wakati ule, mnamo Novemba 1857, walikuwa wamelala katika kambi nyingi za njiani: vibanda vya matawi na nyasi vilivyozungushiwa boma la miiba. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na mizigo ya kilo 30 hivi begani, na bado ilipofika jioni walikata miti wakajenga. Msafara uliofuata ulitengeneza palipobomoka na kulala hapo hapo.

Tembe ni habari nyingine. Lina kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililoshindiliwa udongo juu, vyumba vinavyozunguka ua, na katika matembe ya wafanyabiashara wa Kiarabu, milango ya nakshi iliyoleta mkono wa pwani hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Katika lile la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, alikaa Henry Stanley mwaka 1871, kisha Livingstone akakaa humo akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti 1872. Leo ni makumbusho. Ukisimama uani unaona usalama wa aliye ndani ulivyofikiriwa kwa makini. Mateka aliyepita nje ya kuta hizo hakuachiwa hata kigingi cha kumkumbuka.

Sura yake tunaipata katika vitabu. Shajara za mwisho za Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874, zina michoro ya mateka waliotiwa nira za miti shingoni. Chuma na Susi walimsaidia Waller kwa kumbukumbu zao. Michoro hiyo ilichochea watu wa Ulaya kuupinga utumwa, lakini tusiipe sifa isiyo yake: soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limeshafungwa kwa mkataba wa Juni 1873, ambao kwa sehemu ulisukumwa na habari za mauaji ya mwaka 1871 huko Nyangwe, katika Kongo ya leo. Tena mateka wa michoro ile hawana majina wala makwao. Wamechorwa ili waonewe huruma, basi.

Wamisionari nao walijenga. Bagamoyo palikuwa na kijiji cha waliokombolewa kuanzia mwaka 1868: watu waliooana walipewa kibanda na shamba, nao wakafanya kazi katika mashamba ya misheni. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ngome ya Wabelgiji ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Huko ndiko alikofika Adrian Atiman mwaka 1889, mtumwa wa zamani kutoka Afrika Magharibi aliyesomea uganga Malta, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Paa alilipata, lakini makao kamili aliyapata kwa kazi ya mikono yake.

Sehemu ya historia hii inayonivutia kuliko zote haimo katika ratiba za watalii. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, serikali ya Tanzania ilifungua makazi ya wakimbizi Ulyankulu, katika miombo ya kaskazini-magharibi mwa Tabora. Katumba ilifuata, na mwaka 1978 Mishamo, iliyopokea watu waliohamishwa kutoka Ulyankulu yenyewe. Ramani ilikuwa ya kiofisi kabisa: barabara zilipasuliwa msituni zikapewa namba, na familia zikagawiwa viwanja kando yake, zijenge na kulima zenyewe.

Namba hizo zilikuwa za msimamizi. Wakazi wakazifanya zao. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ilibeba anwani ile kwenye kaseti zake, na nyimbo zikasikika kwenye mabasi na majumbani mwa watu ambao hawakujua Ulyankulu iko wapi. Maandamano hayakuwako wala mabango. Lakini mkimbizi anayetaja mtaa wake kwa kujivunia mbele ya nchi nzima anasema jambo la kisiasa, hata akiwa anaimba Injili. Huko Mishamo, mtafiti Liisa Malkki aliwakuta katikati ya miaka ya 1980 watu walioitunga historia ya taifa lao kwa masimulizi, na kitabu chake cha mwaka 1995 kimejaa sauti zao.

Uraia ulikuja baadaye. Mwaka 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurejea Burundi na kuomba uraia, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Mpango wa kuwatawanya mikoani ulikwama, vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014, nao wakabaki kwenye makazi yao. Waliokimbia mwaka 1972 walikuwa wameishi nchini miaka 40 na ushei.

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia kuu ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni orodha nzuri, ila inaishia karne ya 19, kana kwamba baada ya hapo hakuna aliyepita njia za magharibi bila makao. Makumbusho ya Kwihara yana ua wa kutosha kusimamisha kibanda kimoja cha wapagazi kilichojengwa na mafundi wa Tabora, na chumba kimoja kwa ajili ya Ulyankulu. Wanaohusika na mambo ya kale waanze na hilo, halina gharama kubwa. Nawe msomaji, kama kabatini kwenu kuna kaseti ya Barabara ya 13 au picha ya nyumba za miaka ile, usiitupe. Andika nyuma yake mwaka na jina la mwenyewe, halafu uipeleke inapoweza kutunzwa.